Chura Asiyelia wa Milima ya Ukaguru

Wazee wangu, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Hapa Dodoma mvua za Desemba zikianza, usiku huohuo madimbwi yote yanapiga kelele. Ni madume ya vyura yanayoita majike. Nasi watu wa kazi hii ya kuchunguza vyura tumezoea kusimama gizani, tukisikiliza na kuandika nani yupo.

Sasa ishikeni barabara ya Morogoro, mpite Kongwa, mfike Gairo. Milima ile ni Ukaguru. Mwaka 2019 watafiti walipanda huko kumsaka Churamiti maridadi, chura wa mitini aliyetangazwa mwaka 2002 na ambaye ni adimu mno. Hawakumpata. Walikutana na mwingine, mdogo, wa urefu wa milimita 25 hivi, na mwaka 2023 akapewa jina la kisayansi, Hyperolius ukaguruensis.

Huyu halii. Mmulike dume kwa tochi, umtazame kooni: utaona vimiiba vidogo vidogo. Watafiti wanadhani huenda jike humtambua mwenzake kwa vimiiba hivyo. Jamaa zake hutaga mayai juu ya majani yaliyoinamia maji. Viluwiluwi vikianguliwa vinadondokea humo humo. Basi ukikata kichaka cha ukingoni, umeondoa kitanda cha mayai, hata kama maji umeyaacha.

Mtaniuliza, mbona asihamie kwingine? Ngozi ya chura hupitisha maji. Jua la uwanda wetu lingemkausha njiani. Anaishi kwa ukungu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Kwake yeye nchi kavu iliyouzunguka mlima ni bahari. Ndiyo maana milima ya Rubeho, jirani kabisa, kuna ndugu yake mwingine, Hyperolius ukwiva, aliyetangazwa mwaka 2015, na Usambara yuko wa kwao.

Linaloninyima usingizi ni hili: chura anayelia akitoweka, kimya chake kitatushtua. Huyu hata akiisha hakuna sikio litakaloligundua hilo. Kwa hiyo tusipime msitu kwa masikio peke yake. Twendeni usiku na tochi, tupekue jani kwa jani, tena kabla msitu haujakatwa.

Na ninyi mnaolima kando ya misitu hiyo, nawaomba: mkiandaa shamba kiangazi, msiwashe moto upande wa mlima. Moto ukishapanda mlima kwenye nyasi kavu, hauzimiki kwa matawi.