Kanivali ya Notting Hill: kabla hujaja kucheza, ijue

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo mada ni Kanivali ya Notting Hill, ngoma ya mitaa ya magharibi mwa London, Jumatatu ya mwisho ya Agosti na Jumapili inayoitangulia. Huko nyumbani mnaona picha za manyoya na vumbi la rangi, mnasema sherehe ya Waingereza hiyo. Ni kweli, ni yao. Ila chanzo chake ni kipigo.

Mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wa kizungu yaliwavamia watu wa Karibiani hapohapo Notting Hill. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyefukuzwa Marekani kwa ukomunisti wake na kuanzisha gazeti mtaani Brixton, kusini mwa London, akajibu kwa kanivali tarehe 30 Januari 1959. Januari hapa baridi haina utani, kwa hiyo ilifanyika ukumbini, St Pancras Town Hall. Sehemu ya mauzo ya kijitabu cha sherehe ilikwenda kulipia faini za vijana, weusi kwa weupe, waliohukumiwa kwa vurugu zile. Ya barabarani ilikuja 1966 kupitia Rhaune Laslett, mwanaharakati wa mtaa huo: mwanamuziki Russell Henderson na wenzake walitoka na mapipa yao ya chuma, ala ya muziki ya Trinidad, wakipiga, watu wakafuata nyuma.

Sasa linganisheni miaka. 1962 Uingereza inabana uhamiaji wa watu wa Jumuiya ya Madola. 1968 inabana tena, sheria inapitishwa bungeni kwa siku 3, sababu ni Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza. Ndiyo, Kenya hiyohiyo ya jirani. 1976 polisi wapatao 3,000 wanajazwa kwenye kanivali, inaishia kwenye mapigano. Tangu hapo haiishi hoja ya kuihamishia bustanini, Hyde Park kwa mfano. Mimi naona kuihamisha ni kuiua, maana ugomvi wa 1958 ulikuwa juu ya nani ana haki ya kupita mitaa ile. Na idadi ya waliokamatwa hutangazwa kwa herufi kubwa; ya waliohudhuria, ambao kwa siku mbili hukadiriwa kufika milioni moja na zaidi, mara nyingi hutajwa mwishoni.

Mapipa yenyewe ni ya mafuta, ya lita 200 hivi. Kitako kinagongwa kwa nyundo mpaka kiwe bakuli, sehemu za noti za muziki zinachorwa, chuma kinapashwa moto, kisha zinasawazishwa moja moja. La sauti nyembamba hukatwa ubavu ukabaki mfupi; la besi huachwa zima, na mpigaji mmoja husimama katikati ya mapipa 6 au zaidi. Ukitaka kuyasikia vizuri njoo Jumamosi usiku kwenye Panorama, mashindano ya bendi za mapipa. Jumapili na Jumatatu spika zinayafunika.

Kucheza na kundi: unanunua vazi miezi kabla, unatembea nyuma ya lori la muziki. Wasimamizi hushika kamba kuzunguka kundi, kwa sababu wasio na mavazi wakijipenyeza lori linasimama, na likisimama moja, yote ya nyuma yanakwama. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Hatari kubwa kwa maoni yangu ni msongamano kwenye njia panda zilizo karibu na spika zisizohama: wanaopita wanakutana na waliosimama kucheza. Ukiona huwezi kuinua mikono, toka kupitia mtaa wa pembeni, usisukume mbele. Mwaka 2025 ofisi ya Meya wa London na halmashauri mbili za eneo hilo ziliongeza pauni 958,000 kwa ajili ya usalama na usimamizi wa umati.

Wenye watoto, Jumapili. Kituo cha Ladbroke Grove hufungwa, kwa hiyo shukeni Paddington au Queensway mtembee. Panganeni pa kukutania mapema, kwa kuwa mtandao wa simu hulemaa, na beba noti za pauni kwa ajili ya kuku wa jerk (wa kuchoma, wa viungo vikali vya Kijamaika) na choo. Ndiyo, wakazi wengine huuza choo cha nyumbani kwao. Saa moja jioni spika zinazimwa. Ondokeni nusu saa kabla.