Wakatoka Wameshikana Mikono

REHEMA: Kaka Juma, habari ya leo ni wanawake wa Marekani waliopinga utumwa, nami naanza na nguo. Ile merikani waliyoivaa bibi zetu, ilitoka wapi?

JUMA: Jina lenyewe linajisema, dada. Marekani.

REHEMA: Nyingi ililetwa Unguja na merikebu za mji wa Salem, Massachusetts. Na pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Sasa sikia: katika mji huohuo, mwaka 1832, wanawake weusi walio huru wakaunda chama chao cha kupinga utumwa.

JUMA: Merikani naisikia tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza nani aliichuma.

REHEMA: Lucretia Mott wa Philadelphia alijiuliza. Pamba na sukari ya jasho la watumwa hakuitaka nyumbani kwake. Desemba 1833 alikaa na wenzake, weupe kwa weusi, wakiwemo mama na mabinti wa ukoo wa Forten, waunde chama cha wanawake cha kupinga utumwa. Wakakwama mwanzoni kabisa: hakuna aliyejua kuendesha mkutano! Ikabidi James McCrummell, daktari wa meno, mtu mweusi, awe mwenyekiti wao.

JUMA: Na wengine hapo ni walimu!

REHEMA: Walilelewa wasiinue sauti mbele za wanaume. Ila sindano waliijua. Wakashona, wakauza kwenye magulio yao, fedha zikaendesha harakati. Wenzao wa Boston walitengeneza vitambaa vya kufutia kalamu za wino, vimeandikwa: futeni doa la utumwa. Kila ukimaliza barua, unayasoma maneno hayo.

JUMA: Na zile saini za kuliomba bunge la Marekani likomeshe utumwa?

REHEMA: Walipita nyumba kwa nyumba wakizikusanya. Maombi yakafurika bungeni hadi mwaka 1836 wabunge wakapitisha kanuni yawekwe kando bila kujadiliwa. Kanuni hiyo ilidumu mpaka 1844.

JUMA: Twende Mei 1838, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

REHEMA: Ukumbi wa Pennsylvania, nyumba ya mikutano ya wapinga utumwa huko Philadelphia, mpya kabisa, umefunguliwa tarehe 14. Wanawake wapinga utumwa wanafanyia mkutano wao humo. Tarehe 16 jioni anasimama Angelina Grimké, binti wa mwenye watumwa wa Charleston, mji wa Kusini, bibi harusi wa siku mbili. Nje umati unapiga kelele, mawe yanavunja vioo. Yeye anasema zaidi ya saa nzima.

JUMA: Hakushuka jukwaani?

REHEMA: Hakushuka. Anawaambia waliomo ndani kwamba utumwa ameuona kwa macho yake. Meya wa mji naye akaomba wanawake weusi wasihudhurie. Mott akaufikisha ujumbe, kisha akawasihi wasirudi nyuma. Wakatoka ukumbini mweupe na mweusi, wameshikana mikono, wakipita katikati ya matusi.

JUMA: Hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusoma.

REHEMA: Usiku wa tarehe 17 ukumbi ukachomwa moto. Wazima moto wakamwagia maji nyumba za jirani tu.

JUMA: Siku tatu tu tangu ufunguliwe! Mkutano ukavunjika?

REHEMA: Kesho yake wakakutana kwenye darasa la mwalimu Sarah Pugh, wakaendelea walipoishia. Na lile lililowakasirisha watu wa mji, ndilo walilolipitisha kuwa azimio: kuketi na watu weusi kanisani, kutembea nao barabarani, kusafiri nao melini, na kutembeleana majumbani.