Ujira wa Msanifu wa Uwanja wa Gofu Upimwe kwa Nini?

Mabibi na mabwana, wamiliki wengi wa viwanja vya gofu hupima ujira wa msanifu kwa wingi wa udongo uliohamishwa na idadi ya mitego ya mchanga (mashimo ya mchanga yanayowekwa kumzuia mchezaji) iliyochimbwa. Kipimo hicho humtuza anayeongeza gharama, na hukosea zaidi pale msanifu anapokuwa hodari.

Tuchukue uwanja wa Augusta National, kule Georgia, Marekani. Msanifu wake, Alister MacKenzie, aliyekuwa daktari kabla ya kugeukia usanifu, aliahidiwa dola 10,000. Mdororo wa uchumi ukazishusha hadi 5,000, na mkononi zikamfikia 2,000 tu. Alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza ya Masters, yale makubwa ya gofu yanayochezwa hapo hapo Augusta. Mkaguzi wa hesabu asiyeujua mchezo angeweza kusema kwamba hata hizo zilizidi, kwa kuwa uwanja ulifunguliwa ukiwa na mitego 22 pekee, ilhali uwanja wa Oakmont, Pennsylvania, ulikuwa na zaidi ya 200.

Lakini litazameni shimo la 13 la Augusta, yaani njia nzima ya kuchezea tangu pigo la kwanza hadi kikombe. Kijito kilikuwapo tayari. MacKenzie na Bobby Jones, bingwa wa gofu aliyeanzisha uwanja huo pamoja na mwenzake, walilipitisha shimo kando yake, hivi kwamba mwenye nguvu hushawishika kuuvusha mpira juu ya kijito kwa pigo la pili, naye mnyonge hupiga fupi na kufika kwa la tatu bila kuaibika. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwa miguu na ramani kabla trekta halijawashwa, na ndio hasa unaolipiwa. Aidha, kila mtego usiochimbwa hauhitaji mtu wa kuusawazisha alfajiri, mwaka baada ya mwaka. (Augusta ya leo, inayotunzwa kwa fedha nyingi mno, si shahidi mzuri wa hili.)

Shadow Creek, uwanja wa msanifu Tom Fazio karibu na Las Vegas, yahukumiwe kwa njia nyingine, kwani ilijengwa juu ya jangwa tambarare lisilo na kilima wala kijito cha kuteua, na hapo udongo ilibidi uhamishwe.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya ujira izuiwe hadi misimu miwili ya mvua ipite, tuone maji yanatuama wapi na matunzo yanagharimu kiasi gani. Ila kiasi na tarehe viandikwe mkatabani tangu mwanzo, asije msanifu akadhulumiwa kama MacKenzie.