Mgeni Aliyekuja Kufundisha

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku ya mmisionari kijana ugenini, kwa kuwa hapa ukumbini wapo wanaofunga mizigo. Nitaanza papa hapa Malindi.

Mwaka 1542 Wareno waliokuwa njiani kwenda Goa, India, walitia nanga hapa kwa siku chache, na padri Francis Xavier alikuwa nao. Barua aliyoiandika baadaye inasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa mji huu alimwuliza kama kwao watu huhudhuria makanisani. Hapa, alilalamika, katika misikiti 17 ni 3 tu iliyokuwa na watu, nao wachache. Xavier akamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Jibu hilo mnaweza kulibeba au kuliacha. Mimi navutiwa na muulizaji: alimwona mgeni kuwa mtu wa dini mwenye mashaka kama yake, akamshirikisha shida ya mji. Huko mwendako mtakutana na watu wa namna hiyo, wenye imani yao na maswali yao, na wengine wamesoma kuwapita.

Sasa twende Rabai, kule kilimani karibu na Mombasa. Johannes Rebmann, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1846 akiwa na umri wa miaka 26. Alimkuta mmisionari mwenzake, Mjerumani Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla homa ilikuwa imemchukulia mkewe Rosine na mtoto mchanga. Agosti ya mwaka huo wakahamia Rabai, wote wawili wametoka kuugua, hawana nguvu ya kupanda kilima. Punda alikuwa mmoja, wakapokezana. Najua mkisikia neno umisionari mnaona mimbari na kipaza sauti. Muoneni kwanza huyo punda!

Siku zao zilikwenda hivyo: kujenga, kuugua, kutembea kijiji hadi kijiji, kukaa na wazee, kisha jioni kuandika maneno waliyoyasikia mchana. Hilo la kuandika maneno ndilo lililokula muda. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, ule ule aliofika Mombasa, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Hebu litafakarini kidogo. Mchungaji amekuja kueneza Biblia, na wa kumsahihishia lugha ni hakimu wa Waislamu. Sioni kama kadhi alipotea njia, wala Krapf hakushushwa cheo. Bila kusahihishwa namna ile angehubiri maneno ambayo hakuna Mswahili angeyaelewa.

Safari za Rebmann mnazijua kutoka vitabu vya shule, kwa hiyo sitakaa hapo. Mei 11, 1848, akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Msomi mmoja wa London, William Cooley, alikataa kata kata kwamba theluji inaweza kuwepo huko, ilhali hakuwahi kufika.

Swali linaloulizwa sana na wanaowatuma vijana ni hili: umepata wangapi? Kwa hesabu hiyo Rabai ilikuwa aibu. Mtu wa kwanza waliyembatiza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa karibu na kufa. Miaka ilipita, na waumini wakabaki wachache. Rebmann alikaa pwani hii miaka 29, akamzika mkewe huku, akarudi kwao mwaka 1875 akiwa karibu kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa. Ofisi yenye haraka ingeandika kwamba kazi haikusonga.

Mimi nasema ilisonga, ila upande mwingine wa daftari. Mchukueni Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Rebmann alikaa naye, akamwuliza neno baada ya neno la lugha ya kwao, akaandika. Rebmann mwenyewe hakufika Nyasa hata siku moja. Kamusi iliyotokana na vikao hivyo ilichapishwa mwaka 1877, Krapf akiwa mhariri, mwandishi akiwa ameshakufa. Huyo mtumwa ndiye aliyekuwa mwalimu, na aliyevuka bahari kuja kufundisha ndiye aliyeshika kalamu na kusikiliza.

Lakini jalada limeandikwa Rebmann na Krapf, si Salimini. Hapo nawalaumu, pamoja na heshima yangu yote kwao, na sikubali kisingizio kwamba zama zilikuwa zile. Krapf alijua vizuri sana nani alitoa maneno. Basi nyinyi mnaosafiri, barua zenu za kila mwezi zitakapoanza kutufikia, nitatafuta jina la mwalimu wenu wa lugha kabla sijasoma idadi ya waliobatizwa.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.