Maji Hayana Mwenyewe: Jinsi Mimea Inavyoshindana Ardhini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja jioni hii, na foleni za Nairobi tunazijua. Nina swali moja: mmea unaotumia maji kwa uangalifu unafaidika? Wengi mtasema ndiyo. Mimi nasema tutazame kwanza jirani yake ni nani.

Maji ya udongoni hayana mwenyewe. Mmea ukiyaacha leo ili uyatumie wiki ijayo, jirani hangoji. Anayanywa, anazaa mbegu nyingi, na mbegu hizo zinarithi ulafi wake. Uteuzi asilia, aliouandika Charles Darwin mwaka 1859, haujali shamba zima limenufaika au la. Unapendelea aliyeacha uzao mwingi kuliko wenzake.

Kuna jaribio la soya lililochapishwa mwaka 2001, nalipenda sana. Mimea mingine ilipandwa kila mmoja na chombo chake. Mingine iligawana, miwili kwa vyombo viwili, kila mmoja nusu ya mizizi huku, nusu kule. Angalieni hapo: udongo kwa kila mmea ni uleule. Lakini iliyogawana ilitoa mizizi mingi zaidi na mbegu chache! Nguvu ya kujaza maganda ilikwisha ardhini, katika kuwahiana.

Basi ubanaji unalipa wapi? Mliopita Kibwezi au Voi mmeuona mkonge. Jani lake nene limejaa maji, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, jua likiwa limezama, ndipo huvuta hewa ya kaboni bila kupoteza maji mengi. Mchana hujifunga. Akiba hiyo imo ndani ya mwili wake. Hakuna mzizi wa jirani unaoifikia. Hapo uangalifu unarithika.

Mahindi ya Katumani yana njia nyingine kabisa: hukomaa mapema, kabla udongo haujakauka.

Sasa, wenzangu mnaojiwekea mbegu nyumbani, hili linanikera kwa sababu linatugharimu chakula. Tunachagua gunzi la shina lililowapita wenzake wote. Huenda shina hilo limenenepa kwa kuwanyima majirani, na ukipanda shamba zima la uzao wake, utakuwa umepanda walafi watupu. Tengeni vitalu vidogo, kila kitalu uzao wa gunzi moja, kisha mpime mavuno ya kitalu kizima.