Jiko la Kuni Ndani ya Hema, Nje Theluji

Haya jamani, karibuni. Najua mnachojiuliza: jiko la kuni ndani ya hema la kitambaa, halitaungua?

Haliungui, mradi hema liwe limeshonwa kwa kazi hiyo. Tazameni hapa juu: bomba la moshi linapita kwenye kiraka cha kitambaa kisichoshika moto. Mdomo wake uzidi kilele cha hema na uwe na wavu wa kuzuia cheche. Cheche moja ikitua kwenye nailoni, umeshapata tundu.

Kabla ya kusimamisha hema, kanyaga theluji ishikamane, kisha iache nusu saa igande. Vigingi vya kawaida havishiki humu; funga kamba katikati ya kijiti, kilaze shimoni, kifukie. Jiko nalo lisikae juu ya theluji. Ikiyeyuka, jiko linaelemea upande mmoja na bomba linachomoka. Panga magogo mabichi chini yake, nusu mita mbali na ukuta na nguo.

Kuwasha kuna ujanja wake. Bomba likiwa baridi, moshi hurudi ndani, basi choma kwanza karatasi au maganda makavu mpaka lipate joto. Kuni tafuta za mti uliokufa ungali umesimama, uzipasue unene wa kifundo cha mkono. Zilizolala kwenye theluji zimeshanyonya maji. Kuni mbichi, au moto ulionyimwa hewa mno, huacha lami bombani. Ikiziba, moshi wote ni wako.

Sasa hapa ndipo watu hufa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina rangi wala harufu. Acha upenyo chini na juu ya hema, hata baridi ikiuma vipi, na utundike kengele ya gesi hiyo karibu na unapolala. Betri ziangalie kila jioni, baridi huzidhoofisha. Upenyo huohuo hutoa mvuke wa pumzi, usigande kwenye kitambaa ukakudondokea usiku. Na jiko la mkaa? Hapana kabisa, lile halina bomba!

Ukilala, acha moto ufe. Jiko dogo hudai kuni kila saa moja hivi, na asiye macho hawezi kulichunga. Kwa hiyo begi la kulalia nunua kwa kupima baridi ya nje, si joto la jiko. Vijiti vya alfajiri vipasue jioni, uviweke pale mkono unapofika bila kutoka kwenye begi.