Panya wa Trondheim waliowapeleka watu kwenye Nobel

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo? Karibuni tena Trondheim, huku Norwei. Nimevaa makoti mawili, msinicheke. Majengo haya nyuma yangu ni ya hospitali ya St. Olavs, na eneo hilihili ndipo ilipo taasisi ya Kavli ya utafiti wa ubongo, ya chuo kikuu cha NTNU. Mtazamaji mmoja wa Mwanza aliniuliza, "Dada, huko kuna nini zaidi ya theluji?" Kuna panya, mdogo wangu.

Najua Morogoro wameshaanza: sisi tuna panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini! Kweli, wale wa pale chuo kikuu cha Sokoine (SUA) ni hodari, ila kazi yao ni ya pua. Wa hapa walichunguzwa jambo jingine: mnyama anajuaje yuko wapi?

Kisa kinaanzia London. Mwaka 1971, John O'Keefe na mwenzake walitangaza walichokiona baada ya kupachika waya nyembamba kwenye ubongo wa panya, sehemu iitwayo hipokampasi, wakamwacha azurure. Seli moja ililia, yaani ilitoa ishara ya umeme, panya alipofika sehemu fulani tu ya sakafu. Akisogea, kimya. Seli nyingine ilikuwa na mahali pake pengine. Wakaziita seli za mahali.

Sasa swali: hipokampasi inapata wapi habari hizo?

Hapo ndipo wanaingia May-Britt na Edvard Moser, mke na mume kutoka pwani ya magharibi ya Norwei. Walisoma saikolojia Oslo, wakaenda kwa O'Keefe kujifunza namna ya kuzisikiliza seli hizo, kisha mwaka 1996 wote wawili wakapata kazi hapa. Maabara yao ya kwanza ilikuwa chini ya ardhi, kwenye handaki la kujikinga na mabomu. Kule nyumbani tungesema wametupwa.

Walichofanya ni hiki: walikata njia za ndani ya hipokampasi zinazopeleka habari kwenye seli za mahali. Ajabu, seli zile zikaendelea kujua mahali! Basi lazima habari inatoka nje, kwa jirani, kwenye sehemu ya ubongo iitwayo gamba la entorinali. Wakahamishia waya huko.

Mwanzoni picha haikueleweka. Seli moja ililia mahali pengi, si mahali pamoja tu, na kiboksi alimozurura panya kilikuwa kidogo. Wakampa panya uwanja mpana zaidi, wakamrushia makombo ya chakula ili apite kila pembe, na kompyuta ikaweka nukta kila seli ilipolia. Jamani! Nukta zikajipanga kwa umbali sawa, pembetatu kwa pembetatu, mpaka uwanja mzima ukawa na mchoro kama sega la nyuki. Wakazima taa, mchoro ukabaki.

Hili ndilo linalonisisimua mimi. Sakafu ile haina mstari hata mmoja. Hakuna kitu chochote nje chenye umbo hilo. Mchoro ni wa ubongo wenyewe, unapima nafasi kadiri panya anavyotembea. Makala yao ilitoka mwaka 2005, na seli hizo zikaitwa seli za gridi.

Mwaka 2014 wakapewa Nobel: nusu ya O'Keefe, nusu ya hawa wawili. Siku ya kutangazwa, Edvard alikuwa angani kuelekea Munich, akashuka anakutana na maua bila kujua ni ya nini. May-Britt alipokwenda Stockholm alivaa gauni lililotariziwa seli za ubongo. Na kwa mnaopenda umbea: mwaka 2016 walitangaza kuachana, lakini kazini wakaendelea pamoja.

Mtaniuliza, panya anatuhusu nini? Mwaka 2013 watafiti waliona seli za aina hiyo kwa binadamu, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi, yaani waya za kusikiliza seli, ubongoni kwa ajili ya matibabu. Na gamba hilohilo la entorinali ni kati ya sehemu za kwanza kuharibiwa na Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ndiyo maana babu anaweza kukusimulia habari za ujana wake vizuri kabisa, halafu akapotea akitoka dukani, mtaa aliokaa miaka yote. Tusikimbilie kusema karogwa. Mpelekeni hospitali mapema.

Haya, vidole vimeganda, naingia ndani. Wale mnaouliza mshahara wa mtafiti huku, nimewaona. Ni video ijayo.